Maandazi Yaliyokosa Mnunuzi

Amani ya Kristo iwe nanyi. Ninaandika kwa sababu kusimama mbele ya watu siwezi. Nikiitwa mbele maneno yote yananikimbia. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Kabla ya kuumwa nilikuwa kidato cha tatu Mbeya. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Iyunga, mimi, mama na mdogo wangu ambaye alikuwa bado ananyonya. Sikuwa na marafiki wengi, ila niliimba kwaya ya vijana, sauti ya pili, nyuma kabisa, ambako hata ukikosea hakuna anayejua.

Kikohozi kilianza kipindi cha baridi. Mbeya wakati ule kila mtu anakohoa, kwa hiyo hatukushtuka. Mama akaninunulia dawa ya kikohozi, ikaisha, tukanunua nyingine. Halafu nikaanza kutoka jasho usingizini hadi shuka linakamulika. Sketi ya shule ikawa inazunguka kiunoni, nikaibana kwa pini. Siku moja darasani nilikohoa kwenye leso nikaona damu. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikaendelea kuandika. Jioni ndiyo nikamwonyesha mama. Alimbeba mdogo wangu akamhamishia upande wa pili wa kitanda.

Hospitali walinipa kikopo nitemee makohozi. Majibu yakatoka: kifua kikuu. Daktari alikuwa mpole. Akasema, “Unapona kabisa, lakini ni miezi sita bila kuruka hata siku moja. Ukiacha katikati kitarudi kikali, na dawa hizi huenda zisikiweze tena.” Mama na mdogo wangu wakapimwa, wakaonekana wazima, na mtoto akapewa dawa ya kinga. Ikaamuliwa niende Iringa, kijijini Kalenga, kwa bibi mzaa mama. Anakaa peke yake na nyumba yake ina nafasi.

Nisiwadanganye, dawa zile zilinitesa. Unameza asubuhi tumbo tupu, unabaki na kichefuchefu mpaka mchana. Mkojo unakuwa rangi ya chungwa. Viungo vinauma kama vya mzee. Lakini ukimya ulinitesa zaidi. Habari ilifika Kalenga kabla yangu. Watu walimsalimia bibi “kamwene” wakiwa barabarani, uani hawaingii. Watoto waliokuwa wakichota maji bombani kwetu wakaanza kwenda mbali. Bibi alinipenda, lakini naye alinitengea kikombe, sahani na kijiko. Muuguzi wa zahanati alimweleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo, unapita kwenye hewa mtu anapokohoa. Bibi akaitikia, “Ndiyo, mwanangu.” Akarudi nyumbani akaviosha vyangu peke yake kama kawaida. Mchana nilikaa nyuma ya nyumba juani, nikisikia vijana wakifanya mazoezi ya kwaya kanisani, na mimi naimba sauti ya pili kwa kunong'ona.

Makohozi yalipopimwa tena yalikuwa safi. Muuguzi akaniambia simwambukizi mtu sasa, niende hata kanisani, ila dawa bado.

Kwetu mtu akiinuka kitandani hupeleka sadaka ya shukrani. Asiye na fedha hupeleka kitu, kuku au mayai au muwa, na baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Bibi alitaka nipeleke kuku wake. Nikakataa, nikataka kitoke mikononi mwangu, nikakaanga maandazi. Moyoni nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nikiona bado wananikwepa, dawa naziacha. Nilikuwa nimechoka kupona kwa ajili ya watu wasionitaka.

Kanisani benchi letu lilibaki na mimi na bibi tu. Tulipotoka nje, mzee wa kanisa akaanza mnada. Ni mcheshi. Alianza na muwa, akasema atakayeununua atafute na meno. Watu wakacheka. Kisha akainua bakuli langu.

“Maandazi ya mjukuu wetu aliyekuwa anaumwa. Haya, nani anafungua bei?”

Hakuna aliyetaja bei. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, lakini nilimsikia, “Fungua wewe, mzee, si ndiwe mwenye meno?” Wakacheka kidogo. Mzee akacheka nao, akaliweka bakuli chini, akashika kuku. Kuku akagombaniwa. Bibi alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nikaanza kurudi nyuma, nielekee nyumbani.

Ndipo nikamsikia mama Sikitu, jirani ambaye nilikuwa namjua kwa sura tu, amemshika mwanawe mkono.

“Mzee, hujamaliza maandazi.”

“Nimeona hayana mtu, mama.”

“Mtu ni mimi.”

Akataja bei yake, hakuna aliyempinga. Akafunua bakuli palepale, akamega andazi, nusu akala yeye, nusu akampa mwanawe. Watu wote wakamtazama yule mtoto anavyotafuna. Kisha akanijia.

“Sukari umebania, dada,” akasema. “Jumapili ijayo ongeza.”

Akaondoka, mtoto analilia jingine.

Kesho yake asubuhi nilikaa kitandani, vidonge mkononi. Kichefuchefu kilikuwa kilekile. Lakini nilikuwa na kazi ya Jumapili. Nikameza.

Watu hawakubadilika mara moja. Jumapili iliyofuata nilipeleka mengine, na aliyenunua ni yeye tena. Siku nyingi niliendelea kukaa peke yangu pale juani. Ila nikawa nahesabu wiki kwa sukari na iliki, mpaka dozi ikaisha.

Sasa nimepona, nimerudi shule. Namshukuru Mungu, mama, bibi, daktari na yule muuguzi. Nilipokwenda kumuaga mama Sikitu nikajikaza nimshukuru kwa yale maneno. Akashangaa. “Nilisema hivyo? Mbona hata sikumbuki.”

Wewe unayekohoa wiki zinapita, nenda ukapime, na ukianza dawa usiache. Na wewe mzima, ukienda kumwona mgonjwa, mwombee. Lakini kabla hujaondoka, mwagize kitu cha Jumapili ijayo.