Jael, Aliyeosha Mukombero wa Watafiti

Saa kumi na mbili asubuhi, Jael Osundwa amechuchumaa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, upande wa Iguhu, akitafuna kipande cha mzizi chembamba. Anafumba macho, anasubiri. Kisha anatikisa kichwa na kutema kipande hicho.

"Hii ni tamu tu," anasema. "Haina kitu."

Mzizi huo ni wa mukombero, mmea utambaao ambao watu wa hapa huutafuna kutia mwili nguvu na kutuliza tumbo. Jael, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ameulea kwa miaka kumi na mmoja katika kitalu cha miche, kwa shilingi mia nne na hamsini kwa siku. Wiki tisa sasa, kila siku kabla ya kazi, anatafuta mmoja tu unaofanana na ule aliouua kwa mikono yake mwenyewe.

Ule aliachiwa na mama mkwe wake, ukiwa umeparamia mti kwenye mpaka wa shamba. Ulikuwa mkali ajabu. Ukiutafuna, ulimi ulikufa ganzi na jasho likakutoka.

Isaiah Simiyu, mtafiti aliyekuwa akija kitaluni, anaeleza kwamba dawa ya mukombero hutengenezwa na jeni, na kwamba jeni hizo zina ndugu, ukoo mzima. Katika miche ya kitalu, wengi wa ndugu hao wamelala. Katika mmea wa Jael walikuwa macho. Ni yupi hasa aliyekuwa akiifanya kazi? Jibu lilikuwa mzizini. Wangelipata, wangeweza kuitambua miche yenye dawa ingali midogo, na wakulima kutoka Iguhu hadi Khwisero wasingepoteza miaka wakipanda utamu mtupu.

Siku ya kuchimba, mvua ilikata barabara. Isaiah akampigia simu Jael: achimbe mizizi miwili midogo ya pembeni, asiioshe, aitumbukize papo hapo kwenye chombo cha barafu kali alichomwachia. Ujumbe unaotumwa na jeni huharibika kwa dakika chache tu baada ya mzizi kung'olewa.

Jael anakiri aliyasikia yote. Tena alimrudishia neno kwa neno.

"Lakini sisi mgeni hatumpeangi mzizi kidogo, tena na matope," anasema, akitazama chini. "Hiyo ni kama kumfukuza."

Basi akachimba mzizi mkuu. Akauosha mtoni, akaukwangua hadi ukawa mweupe, akauanika juu ya gunia maji yakauke, akaufunga kwa ganda la mgomba. Ndipo akautia barafuni. Masikini Jael, hata leso safi alitafuta ya kufunikia chombo.

Isaiah alipofika aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akauliza mmea wenyewe uko wapi. Hakumgombeza, na Jael anasema afadhali angemgombeza.

Maabara haikusoma chochote. Waliporudi kuomba mzizi mwingine, majani ya mmea uliokosa mzizi mkuu yalikuwa yameshageuka manjano. Jael alikata vipandikizi arobaini, akavizika kwenye udongo bora wa kitalu, akavimwagilia asubuhi na jioni. Vyote vilioza.

"Majina ya ukoo wote tunayo kwenye kompyuta," anasema Isaiah. "Aliyekuwa akifanya kazi hatumjui, na mmea wa kuuliza haupo tena."

Mradi unafungwa Desemba. Isaiah amemwambia Jael aache kujitesa, kwani kosa ni lake pia, hakupaswa kumwachia kazi ile peke yake. Maneno hayo hayamsaidii. Usingizi umemhama, na kitaluni ameomba apewe kazi ya kujaza udongo tu, asiguse mche.

Kwa ruhusa ya walinzi wa msitu, amekwisha kuonja mizizi zaidi ya mia mbili, kidogo kidogo. Mingine huchangamsha kinywa, moyo ukamruka, halafu utamu ukarudi. Zimebaki wiki sita.

Namuuliza atafanya nini akiupata. Anafuta viganja kwenye sketi.

"Nitaketi hapo hapo nimwite Isaiah," anasema. "Achimbe mwenyewe. Hii mikono ni ya kukaribisha wageni, haifai kwa hiyo kazi."