Nyuki wa Baba Wasihame

Nyuki wa baba walikuwa wanataka kuhama, na mimi sikuruhusiwa kufungua mzinga. Hebu fikiria! Mizinga ile baba aliitengeneza kwa mikono yake. Kijiji chetu cha huku milimani kilipofanywa cha ujamaa, ikahamishiwa shamba la wote, na kamati ikaamua: haifunguliwi bila shahidi, tena asubuhi, saa za kazi ya pamoja. Asubuhi ya Lushoto ni ukungu mtupu. Ukifungua mzinga kwenye ukungu, nyuki wote wako nyumbani na wote wana hasira.

Baba alikuwa kitandani, kifua kinambana. Tangu mizinga ichukuliwe hakutaka kumwona mwenyekiti wa kijiji, rafiki yake wa tangu utotoni. Kila jioni aliniuliza kama nyuki wapo. Nilijibu wapo, huku roho juu, maana walishaanza kurundikana nje ya mlango wa mzinga. Nikilala nyuki, nikiamka nyuki.

Siku ya kazi nikagoma. Jua lisipotoka, sifungui! Wenzangu wakanuna, wakaenda kupalilia maharage. Akabaki mwenyekiti, ndiye shahidi, kavaa koti lake jeusi la sufu. Nikakaa, nikasimama, nikazunguka mizinga mpaka miguu ikauma. Jua lilipochomoza nikamwambia, "Mzee, vua koti. Nyuki wakiona sufu nyeusi wanapandwa na wazimu."

"Baridi, mwanangu."

"Baridi gani na jua hili? Vua, tafadhali!"

Akavua. Lo! Shati lake lilikuwa limekwisha mgongoni, yamebaki matambara. Mwenyekiti mzima! Nikampa khanga yangu ajifunike, akaikataa kwa haya. "Watu wakiniona, si watanicheka mwaka mzima?"

Nikamvika kofia ya wavu, nikamshikisha bomba la kuwafukizia nyuki moshi. Nilisimama ubavuni mwa mzinga, nisizibe njia ya nyuki, nikainua masega polepole. Vyumba vya malkia wapya vilikuwa vinaning'inia chini ya sega kama maganda ya karanga. Tumewahi! Malkia wapya wakikaribia kutoka, yule mzee huhama na kundi. Nikayahamishia masega hayo kwenye mzinga mtupu pamoja na nyuki wake, nikamwacha malkia mzee alipo, apate nafasi.

Nyuki walikuwa wameshauona mgongo wa mwenyekiti. Nilimsikia akiguna.

"Rudi nyuma, mzee!"

"Maliza kwanza." Hakupunga mkono hata mara moja. Angepunga, wangetuvamia wote wawili.

Nilipokwisha kufunika mizinga, nilikimbia nyumbani. "Baba, wamebaki. Hawaendi popote."

Akafumba macho, akashusha pumzi. Kisha akauliza nani alishika moshi. Nikamtajia, nikamweleza na habari za shati, na jinsi mgongo ulivyovimba. Akageukia ukutani. Nikadhani amekasirika tena.

"Nenda kamwite," akasema. "Mwambie aje, nimchomoe hiyo miiba."