Atarudia

Umeme ukipotea hapa Lodwar, jirani yangu huwasha jenereta, na ile harufu ya petroli ikiingia dirishani mimi huwa nimeshafika Kakuma kabla sijapapasa mshumaa. Najikuta tena kwenye banda la mabati lililojaa watoto na joto, mbele ya televisheni inayoonyesha katuni ya sungura.

Nilikuwa nimeachwa kwa shangazi. Ukame ulimaliza mbuzi wetu kule Kaikor, na mama akaenda Lodwar kupika hotelini, kazi isiyoruhusu kuja na mtoto. Shangazi aliuza makaa. Hakuwa mbaya, maskini, ila alikuwa na watoto wake na maneno yake yalikuwa machache: "Wewe, kuja kula." Binamu zangu walikuwa na michezo waliyoianza kabla sijafika, na hakuna aliyenieleza sheria zake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wasemavyo watu, na mimi nilijifunga mwenyewe pale mlangoni, nikitazama barabara ya Lodwar mpaka macho yakawasha kwa vumbi.

Papa Furaha, mkimbizi kutoka Kongo mwenye banda la vidio, alikuwa mteja wa shangazi. Kila akija kuchukua makaa alinikuta palepale, na mwishowe akaniambia niwe nakwenda kutazama bure. Filamu zote zilikuwa za lugha za kigeni, kwa hiyo yeye alisimama kando ya televisheni akitufasiria kwa Kiswahili cha kwao, sauti nzito kwa mbweha na nyembamba kwa sungura.

Katuni tuliyoipenda ilihusu sungura waliohama kutafuta malisho. Wenzangu walibishana ni yupi angekuwa mtamu zaidi kwenye sufuria, maana kwetu sungura wa porini ni mboga kabla hajawa hadithi. Mimi nilimtazama mmoja tu.

"Hawa banalala mu shimo, pamoja na mama yao," Papa Furaha alieleza. "Lakini huyu mutoto ni wa pori. Analala mu majani, yeye moja."

Mama yake alimlaza kwenye nyasi, akamnusa, akaruka zake. Na hapo picha iliganda, kila mara. CD ilikuwa na mikwaruzo, na hakuna aliyewahi kuona kilichofuata. Watoto walizomea, Papa Furaha akaweka filamu ya ngumi.

Siku moja nilibaki wenzangu walipotoka. Nikamuuliza mama wa yule sungura mdogo alikwenda wapi.

"Kutafuta chakula," akasema. "Usilie, mutoto. Atarudia."

Sasa nisikilize vizuri, msomaji. Shuleni kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja. Ukianguka mtihani, unarudia darasa. Ukifanya kosa, mwalimu anakuonya, "Rudia uone!" Kwa hiyo nilichosikia ni kwamba yule mama angefanya vile tena. Angemwacha tena. Na Papa Furaha alikuwa akitabasamu aliponiambia! Nilimchukia kwa lile tabasamu, nikarudi kwa shangazi nikilia njia nzima.

Mama alikuja mvua zilipoanza, ameleta sukari na gauni la maua. "Ejok, mwanangu!" akanisalimu kwa lugha yetu. Nikaishika leso yake, sikuiachia hata alipokwenda chooni. Lakini asubuhi iliyofuata, gari lilipofika, niliiachia mwenyewe.

"Najua utarudia," nikamwambia.

Nyumbani tulizungumza Kiturkana, lakini tangu aende mjini mama alipenda kunionyesha Kiswahili chake cha hotelini. Akacheka. "Husemi 'utarudia.' Sema 'utarudi.'"

Sikusema. Alikuja na kuondoka hivyo mpaka nikamaliza shule ya msingi, na kila mara niliiachia leso mapema kidogo.

Nilikuwa sekondari tayari siku tuliyofunga muhula, rafiki yangu mmoja Mkongo aliponikumbatia getini. "Usihuzunike," akasema, "nitarudia Januari." Nikamuuliza atarudia nini. Akanishangaa. "Nitarudia. Nitakuja!" Nilikaa juu ya sanduku langu, watu wakinipita, nikalia tena kilio cha yule mtoto wa Kakuma. Kumbe Papa Furaha alikuwa akinibembeleza! Wakati huo banda lake lilikuwa limefungwa, naye amehamia nchi ya mbali, na shukrani zangu hazikuwa na pa kwenda. Hata hivyo sikuwa nimekosea kabisa. Mama alirudi kila mara, na kila mara alirudia.

Sasa amezeeka. Amerudi Kaikor na mbuzi wachache, na mimi ndiye mwenye kazi Lodwar. Mwezi uliopita, nilipomuaga, aliishika leso yangu.

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili, "nitarudia."

"Utarudia nini?" akauliza.

Gari lilikuwa linapiga honi. Nilipanda, na nilipogeuka, alikuwa ameshaiachia leso.