Kigae Ambacho Babu Hakukigonga

Usiku ule nililala kwa Bibi, kwenye mkeka sebuleni, karibu na meza ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Mama alikuwa amenituma nikamshawishi Bibi akubali isafishwe. Nikishindwa, alisema, kesho asubuhi atakuja kuisafisha mwenyewe, Bibi atake asitake. Nilishindwa hata kabla sahani hazijaondolewa. Bibi alinisikiliza vizuri, akaniongezea wali, akasema, "Mke mwenzangu, wewe kula tu. Mume wetu hajagonga."

Niwaeleze. Babu alikuwa fundi wa vigae vya sakafu, na mabaki ya kazi aliyageuza mchezo. Alikata vipande vidogo vya mraba, akavichora njia nyekundu za Bibi na njia za buluu zake mwenyewe. Kila kigae kina rangi zote mbili, kwa hiyo huwezi kujijengea bila kumjengea mwenzako kidogo. Mnacheza wawili tu. Kila mtu ana vigae vyake mbele yake, anachagua kimoja, anakipachika kando ya vilivyotangulia, akitaka kuunganisha njia yake kutoka ukingo mmoja wa meza hadi wa pili. Ukishaweka, unagonga kwa kifundo cha kidole, kama fundi anavyosikiliza iwapo kigae kimeshika. Kabla hujagonga, una ruhusa ya kukiinua na kubadili mawazo. Ukishagonga, basi tena. Walicheza hivyo kila jioni tangu Mama hajazaliwa, wakitukanana kwa raha zao mpaka majirani wakazoea.

Jioni ya mwisho Babu aliweka kigae, akashika kifua kabla ya kugonga. Alipelekwa hospitali na hakurudi. Tokea hapo, miezi sasa, Bibi hatoki. Kikoba cha kuweka akiba ameacha, harusi za watu haendi, hata kwa dada yake mtaa wa pili hafiki. Alikuwa anaogopa mzee akigonga, yeye asiwepo. Jambo hilo liliniuma sana, na wakati huohuo lilinichekesha, nikapitiwa na usingizi nikiwa katikati ya hayo mawili.

Sebule ikawa ndefu. Nilikuwa nikitembea peku juu ya vigae vilevile vya mezani, ila kila kimoja sasa kilikuwa na upana wa chumba, na ubaridi wake nausikia nyayoni. Nafuata njia ya buluu. Inapita jikoni kwetu, inapita katika darasa langu la kwanza, watoto wamo ndani wanaimba na hakuna anayenishangaa. Mwisho wa njia kuna mtu amepiga magoti. Ovaroli imechakaa magotini, penseli iko nyuma ya sikio.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona umenenepa hivi? Huyo mwenzio anakulisha wewe peke yako?"

Nacheka. Nakumbuka kwamba amekufa, na bado nacheka. Namwambia Bibi anamsubiri, hatoki nje, na kesho Mama anakuja kuondoa kila kitu. Sasa ni mchana na tuko mezani, sijui tumefikaje, na kigae chake cha mwisho kimekuwa kidogo tena chini ya kiganja chake. Anakiinua upande mmoja. Anaitazama njia nyekundu ya Bibi ilivyobakiza kidogo tu kufika ukingoni. Hata mimi nisiyeujua sana mchezo huu naona wazi: akikiacha vile kilivyo, anamfungulia Bibi mlango. Akikigeuza, anamziba kabisa.

"Babu, kigeuze!"

Ananitazama, anatabasamu na lile pengo lake. Kisha anakirudisha vilevile kilivyokuwa, anakisawazisha kwa kidole gumba, na anagonga.

"Mwambie," anasema, "nimegonga."

Nikaamka. Kumekucha, na Bibi anafagia uani. Nilibaki nimelala nikitabasamu peke yangu, nina furaha ya mtu aliyetembelewa na mtu wake. Kisha nikakumbuka kuwa Mama yuko njiani, nikainuka mbio na khanga ikanidondoka mlangoni.

"Bibi! Babu amegonga!"

Ufagio ulisimama. Hakuniuliza nimejuaje. Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, akakiangalia kile kigae.

"Hakukigusa kwanza?"

"Alikiinua. Akakirudisha vilevile."

"Hakukigeuza?"

"Nilimwambia akigeuze, Bibi. Akanichekea tu."

Bibi akaniambia jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelijua. Kigae kile kilikuwa kosa, na yeye aliliona palepale, jioni ileile. Hakuweza kumfunga mtu ambaye ugonjwa ulimkatiza kabla hajagonga. Miezi yote ile hakuwa akingoja yeye mwenyewe ashinde. Alikuwa anampa Babu nafasi ajirekebishe.

"Kumbe ananiachia!" alisema. "Mzee yule, maisha yake yote hajaniachia hata mara moja, leo ndiyo ananiachia!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la khanga, akacheka tena. Mimi nililia waziwazi, wala sikuona haya. Akachagua kigae kati ya vyake, bila kusita, akakipachika palipokuwa na pengo, akagonga. Njia nyekundu ikavuka meza nzima.

"Nimekufunga, mume wangu," alisema taratibu. "Haya, pumzika."

Kisha akavikumba vigae vyote kwa mikono miwili, vikachanganyika na kupiga kelele nyumba nzima, nyekundu na buluu, akanionyesha kiti cha Babu kwa kidevu.

"Kaa hapo tucheze mmoja wa harakaharaka, mama yako asije akatukatiza. Leo natoka."