Toleo la Kumi na Saba, Ukutani kwa Mkwe

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ya udaktari ilikwama kwa karatasi moja. Naandika historia ya magazeti madogo ya vijijini, na gazeti la wakulima lililokuwa likidurufiwa Ipinda lilikufa baada ya matoleo kumi na saba. Mhariri wake, mzee wa Bujonde, alinifungulia sanduku la bati. Nikahesabu: kumi na sita. Nikahesabu tena kuanzia chini: kumi na sita. La mwisho, lililoeleza kwa nini gazeti limefungwa, halikuwamo.

"Si uniambie tu, mzee?"

"Nilishaandika. Kasome. Mke wa mwanangu amelibandika ukutani."

"Twende basi."

"Nenda wewe. Mimi kwa mkwe siingii."

Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemeshani. Akabaki kwenye migomba, kaipa nyumba mgongo. Mimi nikaingia.

Gazeti lilikuwa ukutani, juu ya kabati la vyombo, limegandishwa kwa uji wa muhogo. Nikasoma hadi mstari wa mwisho: sababu zinaendelea nyuma. Nyuma ilikuwa imeng'ang'ania udongo.

"Mama, naomba nilibandue."

"Halafu hapo niweke nini, mwalimu? Uso wako?"

Kutoka migombani: "Mwambie ni mali yangu."

"Anasema ni mali yake," nikarudia, ingawa tulisikia sote.

"Mwambie alimpa mume wangu tulipohamia."

Nikamwambia. Mzee akasubiri nimalize, ndipo akaguna.

Nikatoa mkobani rasimu ya sura ya tatu. "Nakupa kurasa nne, nyeupe kabisa."

"Zina picha?"

"Hazina."

"Basi nane."

Tukaafikiana sita, na kubandika nibandike mimi. Nikalowesha gazeti kwa maji ya uvuguvugu, nikalibandua kwa kijiko saa nzima. Nikaziba pengo kwa kurasa zangu, ndipo nikaligeuza na kusoma kwa sauti: "Gazeti linafungwa kwa kuwa mhariri amechoka kujiandikia barua za wasomaji."

Barua hizo zilikuwa arobaini na moja. Nilizihesabu mara mbili. Sura nzima ilisimama juu yake, na kwa mihula miwili nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba huo ndio mjadala huru wa wakulima.

Mama alikuwa ameshaanza kusoma ukuta wake mpya. "Hapa umeandika wakulima walibishana vikali kuhusu bei ya kakao. Muulize alibishana na nani."

Nikamuuliza.

"Mwambie nilijipinga kwa haki," mzee akasema. "Mara mbili nilishindwa."

Mama akacheka hadi akashika kabati. Nikaomba nirudishiwe zile sita, nikazirekebishe.

"Uji umeshashika, mwalimu. Andika nyingine. Safari hii muulize kwanza. Ndaga fijo, asante sana, kwa hizi."

Nikatoka na daftari, nikakaa migombani kando ya mzee, nikaanza upya na barua ya kwanza.