Mtu Aliyekuja Kumsikiliza Komiseri

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nikujibu mwenyewe: chai ya majani bila sukari, kwa sababu ya presha. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na sina tabia ya kuona mashetani. Mimi ni fundi wa kushona hapa Bunia. Watu wengi wamevaa kazi ya mikono yangu harusini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba ninatunga mambo. Haya yalinipata. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Mume wangu alishafariki. Binti yangu wa pekee yuko Kinshasa, ananipigia simu Jumapili, ananiuliza kama nimekula, na kabla sijajibu mtandao unakatika. Mchana sina neno. Mashine inalia, wateja wanaingia, wanalalamikia kola, wanatoka. Shida yangu ni saa ile wanafunzi wangu wanapokunja vitambaa na kwenda kwao, nami ninabaki na jiko linalowaka na sahani moja. Wewe kama umeishi na watu maisha yako yote, saa hiyo huijui, na nakuombea usiijue.

Binti yangu ndiye aliyenitumia vile vitabu vya kusikiliza. Mtu anasoma, sauti inatoka kwenye simu, na mikono yako inaendelea na kazi. Vyote vilikuwa vya polisi, lakini si polisi wa mjini wa kukimbizana na magari. Vilimhusu komiseri mmoja aliyepelekwa kijijini mbali, mwenye tumbo kubwa na pikipiki mbovu. Mtu akiuawa, komiseri anapita mlango kwa mlango. Anakaa, anakula muhogo wa watu, anauliza: ulimwona wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, alikuwa amevaa nini? Hana haraka hata kidogo. Niamini, nilimpenda yule komiseri kuliko wanaume wengi niliowajua. Visikilizio vilinichosha masikio, basi nikaunganisha simu na kiredio kidogo cha sola, nikakiweka barazani, nikaongeza sauti. Hiyo ndiyo iliyomleta mgeni wangu.

Kwetu mtu akisimama kwenye ukingo wa lupango lako, yaani uwanja wa nyumba yako, na ndani kuna chakula au kuna maongezi, humuulizi jina. Unamkaribisha, basi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, jua linashuka, vumbi la pikipiki limejaa hewani, nami nikaona mwanamume amesimama pale kwenye ua, ameelekeza sikio. Sikumtazama vizuri kwa sababu nilikuwa ninatia uzi kwenye sindano.

"Karibu, baba," nikasema. "Ikala."

"Aksanti, mama. Miye nasikiliza tu."

Akakaa kwenye kiti cha pili, kile cha marehemu mume wangu, ambacho nilikuwa nimekiwekea mto mpya. Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mpole. Nilimpa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa, hakuinywa. Sura ilipokwisha akaniuliza swali.

"Ule wa kitabu, ule alikufa, alikuwa mukubwa?"

"Hapana. Alikuwa anachunga ngombe ya watu."

"Na komiseri anatoka mbali yote ile, juu ya muchungaji?"

"Njo kazi yake, baba."

"Mutu moja tu," mgeni akasema, "na kijiji nzima wanaulizwa."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na baada ya hapo sikuhesabu tena. Alikuwa msikilizaji mzuri ajabu. Mimi ninabisha na kitabu, ninamtukana muuaji, ninamwambia komiseri atazame nyuma ya jiko. Yeye alikuwa anatulia tu, na mara moja moja anauliza kama mjane wa yule mchungaji ameshapewa habari. Nikaanza kumwekea chai kabla hajafika. Nikaanza pia kujifunga kitambaa kizuri kichwani, usinicheke.

Jirani yangu Mama Furaha ndiye aliyeniharibia furaha. Asubuhi moja alikuja kuomba moto, akaniangalia kwa pembeni.

"Mama fundi, weye unaongeaga na nani kila magaribi?"

"Na mugeni."

"Mugeni gani? Miye naona viti mbili, na weye peke yako."

Nikamwambia anunue miwani. Lakini alipokwenda nilipapasa ule mto wa kiti cha pili. Ulikuwa umelowa. Si unyevu wa umande, hapana, umelowa wa kukamua, na ndani ya mishono kulikuwa na mchanga laini mweupe, kama ule wanaochota mtoni. Kumbuka nilivyosema, kilikuwa kiangazi. Hata visima vya mtaani vilikuwa vinatoa tope.

Utaniuliza, kwa nini hukukimbia? Nami nikuulize: umeshawahi kula peke yako mwaka mzima? Nilianika mto uani. Jioni nikaurudisha kwenye kiti, nikatia chai.

Siku hiyo tulikuwa tumefika mahali penyewe. Komiseri amewakusanya watu wote wa kijiji mbele ya shule, anataka kusema nani aliua. Mgeni wangu alikuwa ameinama mbele, mikono magotini. Komiseri akakohoa, akasema, "Sasa ninyi wote mtanisikiliza," na kiredio kikafa. Mawingu ya vumbi yalikuwa yamefunika jua tangu asubuhi, betri haikupata kitu.

"Mama, wacha iendelee," akasema.

"Moto imeisha, baba. Kesho."

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Nikamhurumia, maana sijawahi kuona mtu mzima akiumizwa hivyo na hadithi. Nikafikiri nimtanie kidogo apate kutulia. Nikatoa tumbo mbele, nikashika sauti nzito ya komiseri.

"Haya, baba. Komiseri sasa njo miye. Ilianza namna gani?"

Laiti ningeuma ulimi. Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mtu akifariki, kila anayefika kwenye kilio anakaa kwanza, kisha anauliza neno hilohilo: ilianza namna gani? Na mmoja wa ukoo anasimama kueleza kifo kizima tangu mwanzo, ugonjwa ulivyoanza, nani alikuwepo, pumzi ilikatika saa gani. Akija mwingine, anaeleza tena. Mpaka kifo kiwe kimeelezwa hivyo, kwetu ni kama hakijatokea. Nimeliuliza swali hilo kwenye vilio visivyo na idadi. Jioni ile nililiuliza kwa mzaha, kwa mtu aliyekaa kitini.

Akanyooka. Akafunga mikono mbele kama msemaji wa ukoo anavyofanya.

"Marehemu anaitwaka Ngabu, baba ya Mave, mutu wa Kpandroma. Siku tulikimbia vita, alikuwa muzima, hakukuwa na ugonjwa. Alikimbia na bibi yake na watoto. Njiani akakumbuka ngombe, ile ya maziwa ya mutoto. Akaambia bibi yake, tangulieni, nitawafikia mbele jua ishuke. Akarudia. Ngombe akaipata. Kufika ku muto, maji imejaa. Marehemu akafunga kamba ku mukono yake, asipoteze ngombe. Njo kosa yake. Maji ikapeleka ngombe, ngombe ikamupeleka. Watu wa kuchota mchanga wakamuokota kule chini, wakamuzika chini ya mikaratusi. Hawakujua jina. Hakuna mutu aliuliza."

Nilimtazama kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa imechunika, imezunguka kifundo chote. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye suruali yake, yanaingia kwenye sakafu ya baraza yangu.

"Bibi yake iko Marabo, anauzishaka sombe," akaendelea, kwa sauti ileile ya taratibu. "Watu wanamwambia bwana yake alivuka Uganda, akaoa kule. Hajalia bado. Ni hayo tu. Aksanti kwa kusikiliza."

Akaniangalia kwa heshima, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Mama. Mwisho ya kazi, komiseri anaendaka kwa familia. Sivyo?"

"Anaendaka," nikajibu.

Nikafumba macho kidogo tu, kwa kuwa machozi yalikuwa yamejaa. Nilipofumbua nilikuwa peke yangu, na chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Nikaishi na neno lile nikiombea liwe uongo. Nilijiambia, ninakwenda Marabo, ninauliza, hakuna mwanamke wa namna hiyo, ninarudi kununua dawa za usingizi. Nilipanda pikipiki, nikafika sokoni, nikamuuliza mwuza sombe wa kwanza kama anamjua Mama Mave kutoka Kpandroma. Akaonyesha kwa kidevu. Alikuwa pale, anatwanga majani ya muhogo, mwanamke mrefu mwenye uso uliochoka, na kinu kilikuwa kikubwa kuliko mwanawe aliyekaa karibu.

Ningesemaje? Komiseri vitabuni huvua kofia. Mimi nilimwomba aache kutwanga, nikasimama mbele yake, nikafunga mikono, nikaanza: "Marehemu anaitwaka Ngabu." Nikaeleza yote. Ng'ombe, kamba, mchanga, mikaratusi. Nilipofika kwenye maneno "nitawafikia mbele jua ishuke," mchi ulianguka. Baadaye aliniambia kwamba maneno hayo aliambiwa yeye peke yake, njiani, na hakuwahi kumsimulia mtu.

Hakulia mara moja. Aliniuliza nani alinieleza, nami nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuona uongo utakaotosha. Kisha akafungua kitambaa chake kichwani, akakaa chini mavumbini, na wanawake wa sombe wakaacha biashara zao, wakaja. Walitandika mkeka siku hiyohiyo. Kila aliyefika aliuliza ilianza namna gani, na hakukuwa na mwingine wa kusimama ila mimi. Nilieleza mpaka sauti ikanikauka.

Nilipokuwa ninaaga, Mama Mave alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa ameshalia, macho yamevimba, lakini uso ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo. Pikipiki ikawashwa. Akanishika mkono.

"Alikuya kwako mara mingi?"

"Mingi, mama."

"Alikuwa anaikala?"

"Alikuwa anaikala."

Akatazama barabara. "Kwangu hakukuya hata moja," akasema, akaniachia.

Nakuambia kweli, sijawahi kuona haya kama siku ile. Maana katikati ya huruma yangu yote, nilisikia kafuraha kadogo kwamba alikuja kwangu.

Hajarudi tena. Mama Furaha anawaambia watu kwamba nina mapepo, na wateja wengine wamehamia kwa fundi wa karibu na soko. Vitabu bado ninavyo, ila sijui mwisho wa hata kimoja. Komiseri akianza tu kuwakusanya watu, ninazima. Ndiyo maana nakuonya wewe unayependa mambo haya na unayekaa peke yako: vaa visikilizio. Mtu akisimama kwenye ua wako, mkaribishe, maana siwezi kukufundisha ukatili. Lakini usimwulize ilianza namna gani mpaka uwe umejiuliza mwenyewe kama utaweza kulibeba jibu lake mpaka mlangoni kwa mtu anayemngoja, na kumtazama usoni mwanamke yule atakapotambua kwamba jioni zote alizomngoja mumewe, wewe ndiye uliyekaa naye.