Wasifu wa Wakili na Kisima cha Matinyani

Mwanangu, sijaisahau siku mteja aliponishuku ndani ya ofisi yangu mwenyewe, tena akawa na haki. Nimeikumbuka leo niliposoma wasifu wako wa uwakili. Mikataba ya biashara, benki, bima, madini, kodi, usuluhishi wa kimataifa, na hata mwaka hujamaliza tangu uapishwe! Usininunie. Nami niliandika karatasi kama hii.

Nilikuwa nimerudi Kitui kutoka Nairobi, viatu vinang'aa hata vumbini. Ukutani nilitundika orodha ya kazi ninazozimudu na kampuni nilizozihudumia. Hakuna aliyeniomba. Zilikuwa sifa tu.

Akaja Mwaitu Syombua, yaani Mama Syombua kwa Kikamba, mjane wa Matinyani, amebeba mkataba ndani ya mfuko wa nailoni. Kampuni ya kokoto ilitaka kukodi shamba lake, na humo mlikuwa na kisima alichochimba marehemu mumewe kwa sururu. Kiangazi kikikaza, kijiji kizima kiliteka hapo. Alitaka kujua jambo moja tu: akitia sahihi, kisima kitabaki chake?

Nilipoufungua ule mkataba niliutambua mara moja. Niliuandika mimi, nilipokuwa nimeajiriwa Nairobi. Kifungu cha tisa kiliipa kampuni maji yote yaliyomo shambani. Na mimi, mwanangu, nilinyamaza. Nikamwambia ni mkataba wa kawaida, tutarekebisha kidogo hapa na pale.

Kumbe mama wa watu alikuwa anausoma ukuta wangu.

"Wakili, hiyo jina ya kampuni iko pale juu si ndiyo iko kwa hii karatasi yangu?"

"Ndiyo, mwaitu, lakini niliwafanyia kazi kitambo."

"Na hii karatasi, nani aliandika?"

"Ni mimi."

Hakupaza sauti. Alirudisha mkataba mfukoni, akafunga fundo, kisha akalikaza tena.

"Sasa mimi nimekuja kwa wakili wangu ama wakili wao? Ungeniambia nikiwa mlangoni, singekalia kiti yako."

Alikwenda mji wa Wote kwa wakili mwingine, na kifungu cha tisa kikafutwa. Kisima kipo hadi leo. Kilipona kwa sababu hakuniamini, na jambo hilo bado linanichoma.

Kwa hiyo futa hiyo orodha. Andika kazi ulizofanya kwa mikono yako, hata zikiwa mbili. Mteja akiingia, mwambie kabla hajakaa ni nani uliwahi kumtumikia dhidi ya watu kama yeye. Akikushuku, usikasirike, mjibu. Na siku utakapojiona unanyamaza mbele ya karatasi unayoijua, jishuku wewe mwenyewe kwanza.

Mungu akuletee wateja wenye macho ya Syombua, mwanangu, na akujalie uweze kuwatazama usoni.